Kanga na Tundu la Maktaba

Wanyama nao, enzi zao, walikuwa na maktaba, na maktaba yenyewe ilikuwa inavuja. Mzee Kima, mkuu wa mji, akaitisha baraza.

"Ndugu zangu, mji unauza hatifungani. Mwenye akiba atukopeshe tukarabati maktaba, kisha kodi zetu zitamrudishia pamoja na faida. Anayekubali asimame juani. Anayekataa akae kivulini."

Kichwa kikamzunguka Kanga. "Mzee, nikinunua, namkopesha nani?"

"Mji."

"Mji ndio nani?"

"Si ndio sisi? Mimi, wewe, sote."

"Na deni atalipa nani?"

"Sisi sisi."

"Yaani nijikopeshe, nijilipe, halafu nijipe faida?"

Kima akajikuna. "Siyo hivyo. Ingawa, kwa namna fulani, ndivyo."

Kanga hakutaka kuonekana mjinga, akaenda zake kivulini. Na kanga hutembea kwa mstari, kila mmoja nyuma ya mwenzake, basi kundi lake zima likamfuata bila kuuliza. Hoja ikashindwa.

Lakini jambo lile halikumtoka kichwani. Masika yalipoanza, akamwendea Nungunungu, mtunza vitabu.

"Kaka, nipe kitabu kinachoeleza hatifungani."

Nungunungu akanyoosha mkono rafu ya juu, akatoa rojorojo la karatasi. "Ndicho hiki."

Kanga akainua kichwa kutazama kilipotoka. Tone likamwingia jichoni.

"Kaka," akasema taratibu, "kumbe siku ile tulikuwa tunaulizwa habari za tundu hili?"