Saa Sita Hewani

Jirani wa kiti cha dirishani alimtazama mke wa rubani akivaa soksi za sufu, kisha akitoa mto, kisha mswaki.

"Dada, unahamia humu?"

"Saa sita hewani si mchezo," alijibu mke wa rubani, kwa utulivu wa mtu aliyefundishwa jambo hilo na mwalimu mwenyewe.

Mwalimu huyo alikuwa mumewe. Ndiye aliyemweleza kwamba mji ule uko mbali, mwendo wa saa sita kwa ndege, na rubani aliyechoka haruhusiwi kurusha hata tiara. Kwa hiyo alilala huko hotelini siku nne kila wiki. Na tiketi ikionyesha kwamba ndege inafika mapema, usishtuke: saa za kule ziko nyuma ya zetu.

Dada yake mkubwa hakuisadiki jiografia hiyo. "Mume anayelala kwako siku tatu si mume," alisema, "ni mgeni."

Mke wa rubani aliapa kumfunga mdomo. Hata ngazi zilimtia kizunguzungu, lakini leo alipanda ndege ya mumewe bila kumwambia, akaone kwa macho yake hicho chumba cha hoteli, kisha arudi kudai aombwe radhi.

Jirani alikuwa bado anacheka. "Ni dakika hamsini, dada. Ukipiga miayo miwili umefika. Mimi nimekuja asubuhi kununua viatu vya mtoto, na chakula cha mchana napika nyumbani kwangu."

"Labda unazungumzia ndege nyingine."

"Ni hii hii."

Ndege ilipokwisha kupaa, spika ilikoroma. Sauti ambayo angeijua hata ikiwa na mafua iliwakaribisha abiria. Umbali, kilometa mia nne na hamsini. Muda, dakika hamsini.

Mke wa rubani alizitafuta saa tano zilizobaki. Alizitafuta kwenye upepo, akazitafuta kwenye foleni ya mawingu. Hakuziona.

"Neno moja zaidi," sauti iliendelea, sasa laini. "Mke wangu yumo humu leo. Mpenzi, asante kwa kunivumilia na safari hizi."

Moyo ukarudi mahali pake. Kumbe alijua. Kumbe dada mkubwa ndiye aliyevujisha siri, yule asiyeweza kutunza hata siri ya chumvi. Abiria walipiga makofi. Saa sita, dakika hamsini, ya nini kubishana na mume anayekutaja mbele ya watu? Alikiweka sawa kitambaa chake kichwani.

Mhudumu alikuja na shada la maua, akizipita safu moja moja, akasimama kwenye safu yao. Mke wa rubani alinyoosha mikono yote miwili.

Maua yakampita mbele ya pua, yakaenda dirishani.

"Nishikie kidogo, dada," jirani alisema, akimwekea shada mapajani. "Nifute machozi."