Gemu la Baba

Nilimshikisha Baba pedi ya kuchezea kiganjani, nikawasha gemu la mpira. Kidole hakikutikisika. Tangu kiharusi kimnyang'anye sauti, tunamuuliza kwa njia hiyo.

Anayekufa huenda kuishi ndani ya gemu alilolipenda kuliko yote, na jamaa zake ndio wanaolitaja. Likishatajwa, halibadilishwi. Watu wengi huambiana mapema. Baba kila tulipomuuliza alicheka tu: "Bahatisheni."

"Mpelekeni kwenye mpira," alisema kaka yangu Shomari. "Atafungwa mabao, lakini amezoea."

Mama alitabasamu kidogo. "Alikuwa hakosi lile la vita. Kila jioni, mpaka fulana inalowa jasho."

Nikaliwasha. Milio ya risasi ilipoanza, kidole cha Baba kikabonyeza kitufe kimoja, kisha kikakibonyeza tena kwa nguvu.

"Si mnaona?" Mama akasema. "Ndilo hilo."

Mimi sijawahi kulicheza. Nikamuuliza Shomari kitufe kile ni cha nini.

Alikitazama kidole cha Baba. "Cha kujificha."

Nikazima skrini, nikasema tutamuuliza tena kesho, akiamka. Chumba kilikuwa kimya, na kidole cha Baba kikaendelea kukibonyeza kitufe kile.