Mwenye Gunia

Sahani ilianguka, githeri ya mahindi na maharagwe ikamwagika kwenye matope, na kijana aliyekuwa ameishika akakimbia kuelekea kwenye malori. Foleni nzima ilicheka. Mwenye njaa hakimbii chakula.

Edinah alibaki na upawa mkononi. Hakuwa amemsemesha. Petronilla, aliyekuwa akisukuma kuni, alikuwa ameuliza tu, "Mama Sharlyne, chumvi umeweka?" na yule kijana mwembamba mwenye kikohozi akageuka kama aliyekanyaga nyoka.

Siku hiyo hiyo sufuria kubwa ilipotea. Edinah hakuhitaji polisi wamwambie ni nani.

Akina mama wa kanisa walipika karibu na maegesho ya malori ya Malaba, kwa ajili ya wapakiaji waliokosa kazi, watu wanaolala barazani na wale waliokwama mpakani bila nauli. Wenzake walimpikia Mungu. Edinah alimpikia Mungu na Sharlyne. Binti yake alivuka kwenda Uganda na kijana wa upande wa Soroti, bila mahari wala kwaheri, na kijana mwenyewe Edinah hakuwahi kumtia machoni. Kisha simu ya Sharlyne ikazimika. Anayevuka na njaa hupita penye chakula cha bure, Edinah aliwaza, kwa hiyo kila aliyepewa sahani aliulizwa: umetoka wapi, umeona msichana mrefu mwenye kovu la moto shavuni?

Kesho yake kijana alirudi, gunia limemfunika kutoka utosini hadi kidevuni. Hakuikaribia foleni. Alisimama nyuma ya trela akitazama kando, na Mzee Emorut, mpasua kuni wao, akamwonea huruma akampelekea sahani. Alikula ameupa ukuta uso.

"Mwizi hula hivyo," Edinah alisema.

Emorut alirudi na swali. Walikuwa wameongea Kiteso.

"Anauliza kama kwako kuna mzee."

"Mwambie kuna panga."

"Anasema hata ndugu yako wa kiume, kama yuko karibu."

Edinah alikuwa mjane, na ndugu hakuwa naye. Alicheka bila furaha. Kumbe sufuria haikumtosha, sasa alitaka kujua nani analala nyumbani. Emorut alisema labda kijana ana neno. Edinah akajibu kwamba mwenye neno ana mdomo, na aje aliseme hapa, uso wazi.

Ndipo alipoweka sheria. Kula ni mbele ya sufuria, kichwa wazi, na hakuna kubebewa. Emorut alinung'unika, akaambiwa kwamba akitaka kulisha wezi awalishe kwake.

Mvua zikaanza. Kila mchana mwenye gunia alisimama pale kwenye trela akikohoa, harufu ya maharagwe ikimfikia. Wapakiaji walimtania. "Bibi harusi, funua shela tukuone." Hakufunua. Wengine wote walikula na kuulizwa. Yeye hakula, wala hakuulizwa.

Siku moja Petronilla alichelewa, akafika na jani la kabeji limenasa kwenye kitambaa cha kichwa. Alikuwa amemwona mkwe wake, mume wa bintiye, sokoni Amagoro, na kwa mila ikabidi achutame nyuma ya lundo la kabeji mpaka bwana huyo amalize kununua viatu. "Na akajaribu vyote," Petronilla alisema. "Mguu wangu umekufa ganzi mpaka sasa."

Edinah alicheka hadi akafuta machozi. Alipoinua macho, kwenye trela hapakuwa na mtu. Wapakiaji walimwambia wamemkuta asubuhi amelala chini ya trela, amelowa, wakamsukuma kwa mkokoteni hadi zahanati.

Wiki hiyo sufuria ilirudi juu ya bodaboda, nyeusi kwa moshi. Watu wa Angurai walikuwa wameiazima kwa matanga, na aliyeachiwa ujumbe alikuwa amesahau kuufikisha. Walishukuru sana. Walisema ilipika vizuri.

Edinah hakuwa mtu wa kuzunguka jambo. Alikoroga uji wa wimbi, akatia sukari ya kutosha, akamchukua Emorut awe mkalimani. Njiani alimwambia aliyokusudia kusema: nilikusingizia, nisamehe, kunywa uji.

Nesi aliwaonya wasimchoshe. Mapafu yalikuwa yamejaa na mwili haukuwa na cha kupigania. Nguo zake zilizolowa walikuwa wamemvua.

Alilala chini ya shuka, macho ameyafumba. Kwa mara ya kwanza Edinah aliuona uso ule vizuri. Ulikuwa wa mtu mdogo kuliko alivyodhani, mtu wa kawaida tu.

"Kijana," alimwita.

Macho yakafumbuka, yakamwona, yakajaa hofu. Mikono ikavuta shuka hadi juu ya kichwa. Miguu ikabaki nje, akahangaika kuikunja. Edinah aliweka kikombe chini, akashika ncha ya shuka aishushe taratibu amnyweshe. Kijana aliing'ang'ania kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Akasema kitu kwa Kiteso, kifupi, kikakatwa na kikohozi.

Emorut hakutafsiri. Alisimama.

"Mama Sharlyne, toka."

"Amesema nini?"

"Anakuomba utoke." Mzee alikuwa akitazama sakafu. "Anasema hawezi kulala uchi mbele ya mama mkwe wake."

Edinah aliiachia shuka kama iliyomuunguza. Alijikuta nje, mlango umefungwa, mgongo wake umeuegemea.

"Mzee, muulize," alisema kupitia ubao. "Muulize Sharlyne yuko wapi."

Alisema tena, kwa sauti zaidi. Mlango ulipofunguka, Emorut alitoka na kofia yake mkononi. "Amekwenda na jibu lake," alisema.