Manyunyu ya Ijumaa

Jumatano jioni watu tisa walikuwa wakirushiana mate sebuleni kwa Mama Mawingu, na hakuna aliyenuna. Walikuwa wanajifunza neno moja tu la Kiingereza: "drizzle".

"Mama, hapo katikati hapataki hasira," wifi yake alimwambia mama mkwe. "Sema kama nzi anayepita bila kutua."

Mama mkwe akajibu kwamba kwa meno manne aliyobakiwa nayo, nzi wake lazima apite upande mmoja.

Wifi ndiye aliyekuwa mwalimu, kwa sababu alimaliza sekondari na hakuacha mtu asahau. Akafungua kijitabu chenye jalada la kijani, akaeleza. Hayo ni manyunyu, mvua isiyomkimbiza mtu, inayolowesha nywele isifike kichwani. Ikishuka kwa kishindo hiyo ni "rain", msichanganye. Na ukitaka kusema manyunyu yanaanguka, unasema: "It is drizzling."

Mama mkwe akataka kujua huyo "it" ni nani. Wifi akamwambia si mtu, wala hayupo.

"Hayupo na kazi anafanya," mama mkwe akasema. "Afadhali yeye. Mwanangu yupo, na kazi hafanyi."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, mwanawe mwenyewe akiwemo.

Mama Mawingu alicheka nao, lakini viganja vilikuwa vinamuuma. Miaka kumi na mmoja alikuwa akifua shuka za mahoteli katika kampuni ya udobi, na sasa sabuni ilikuwa imempasua vidole. Daktari alimwambia aache maji, kana kwamba dobi ni mtu wa kuacha maji. Njia ilikuwa moja tu, apate usimamizi. Msimamizi wa zamani alikuwa amestaafu, na msimamizi hatii mkono kwenye beseni. Anatembea na funguo za stoo kiunoni na kutoa amri. Kazi yenyewe Mama Mawingu aliijua. Jina lile alipewa uani, kwa kutazama juu na kusema nguo zitoke au zisitoke, na mbingu hazijawahi kumwaibisha.

Tatizo lilikuwa Bosi mpya. Alikuwa amefika wiki tatu nyuma kutoka nchi ya mbali, tai shingoni hata siku ya joto. Kila asubuhi alisimama uani, akatazama juu, akauliza kwa Kiingereza hali ya hewa ikoje: "What is the weather?" Wakimjibu "Sun", anasema "Good." Wakimjibu "Rain", anasema "Good." Kisha anaingia ofisini, mkono kwenye mfuko wa koti, na kufunga mlango. Mengine yote aliyasema kwa vidole.

Mpiga pasi, ambaye mdomo wake ndio uliokuwa redio ya kazini, alikwisha kuifasiri habari hiyo. Yule mtu anawapima, alisema. Mwenye Kiingereza kilichonyooka ndiye msimamizi, na Ijumaa ndiyo siku ya kutangaza. Baada ya hapo yeye mwenyewe akaanza kusafisha koo kila asubuhi kama mtu anayetaka kuoa.

Ndipo Mama Mawingu alipokwenda kwa muuza vitabu. Muuza vitabu akapangusa vumbi kwenye jalada la kijani, akacheka. Vijitabu hivyo vimekaa miaka haviguswi, na hiki ni cha pili kununuliwa mwezi huu. Mama Mawingu hakuuliza cha kwanza kilinunuliwa na nani. Mpiga pasi, nani mwingine.

Ijumaa ikafika, na mbingu, kama vile zilikuwa zimekaa darasani pamoja nao, zikashusha manyunyu, membamba kama unga wa kuchekecha. Wenzake wakakimbilia kamba kuanua shuka. Mama Mawingu akawazuia. Shuka zenyewe mbichi, manyunyu yatazifanya nini? Jua litatoka kabla ya saa tatu.

Bosi akatoka, tai shingoni, akatazama juu.

"What is the weather?"

"Rain, sir," mpiga pasi akawahi.

"Good," Bosi akasema, akageukia mlango.

Mama Mawingu akajifuta mikono kwenye aproni, akapiga hatua moja mbele.

"It is drizzling, sir," akasema, na nzi akapita bila kutua. Akaendelea hadi mwisho, kwamba ni manyunyu tu, na shuka zibaki nje. "It is only a drizzle. The sheets can stay."

Bosi hakusema "Good".

Alisimama pale pale akimtazama. Tabasamu la Bosi lilififia polepole, na mpiga pasi akalipokea, akaanza kutabasamu yeye. Mashine ndani zilisikika zikizunguka. Mama Mawingu akaviona vidole vyake vikirudi kwenye beseni, maisha yake yote yaliyobaki.

Bosi akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kijitabu chenye jalada la kijani. Akalamba kidole, akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akakwama hapo, masikio yakimwiva. Akakifunga. Kisha akachomoa funguo za stoo, akaziweka juu ya kiganja cha Mama Mawingu kilichopasuka.

"Dada, wewe mbali sana," akanong'ona, kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Mimi bado 'rain'."