Maneno ya Nyumbani
Mtoto wa kiume wa Bi Kijoli alifia ughaibuni, akazikwa hukohuko. Mkwewe alipotuma habari kwamba anamleta mjukuu, anayejua Kihispania tu, Bi Kijoli alimwendea jirani yake, mwalimu Shedafa, mwenye kamusi ya Kiingereza na Kihispania.

"Mwanangu, nipe maneno ya nyumbani tu. Mkate. Maji."

Mwalimu alilitia kila neno kwenye Kiingereza kwanza, kisha akalitafutia Kihispania chake. Bi Kijoli akayakariri akipepeta mchele.

Mjukuu alipofika, Bi Kijoli alimpa mkate. "Pan," akamwambia.

Mtoto alitafuna, akaitazama picha ya baba yake ukutani, akauliza swali refu. Bi Kijoli aliambulia neno moja: "papá".

Mkwe akainamisha uso.

Bi Kijoli akamsogezea mtoto gilasi ya maji.

"Agua," alisema taratibu. Mtoto akanywa, macho yangali pichani.