Tangazo la Krimu

Mwalimu Mellen alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: ukigundua kosa katika tangazo, lazima utoe mfano.

Msichana wa dawati la mbele akasimama na gazeti. "Wanasema krimu hii ni salama, kwa sababu hakuna mwanamke aliyerudi dukani kulalamika."

"Kosa liko wapi?"

"Labda aliyeungua anaona aibu kurudi."

Jua la Homa Bay lilichoma mabati. Wasichana walijipepea kwa madaftari, ila Mellen hakuthubutu kulegeza skafu shingoni. Chini yake jasho liliwasha pale krimu hiyohiyo ilipombambua ngozi.

Madaftari yakaacha kupepea. Darasa zima likaitazama skafu.

"Vizuri sana," akasema haraka. "Keti."

Msichana hakuketi. "Lakini mwalimu, mfano sijatoa."