Kikombe cha Bibi Nshoma

Tangu migodi ifungwe, kila bibi arusi huvaa pete ya fedha iliyosafishwa ndani ya kikombe cha majivu ya mifupa. Zamani ilikuwa mifupa ya ng'ombe. Siku hizi sheria inataka iwe ya mtu wa ukoo.

Kikombe changu kilitokana na mifupa ya bibi yangu Nshoma, mzaa baba. Siku moja kabla ya harusi, mama alifungua madirisha yote, akakiweka tanuruni, akatia madini ya risasi pamoja na vyuma vya simu mbovu vyenye chembe za fedha.

“Sogea, Ng'wasi, moshi huo ni sumu,” alisema. “Sasa mtazame mama mkwe wangu akifanya kazi.”

Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Risasi iliyeyuka, ikashikana na hewa, ikageuka uji uliobeba shaba na kila uchafu, na kikombe kikaunywa wote bila kupasuka. Fedha haishikani na hewa, kwa hiyo ikabaki juu peke yake. Ghafla ikang'aa kama jicho lililofumbuka.

“Ndivyo alivyokuwa,” mama alisema, machozi yakimlenga. “Ugomvi wote wa nyumba hii aliumeza yeye, sisi tukabaki wasafi.”

Nikapiga vigelegele. Kikombe kilipopoa nilikiinua. Kilikuwa kizito maradufu.

Mama akanisogezea fomu ya maharusi. “Tia sahihi, mwanangu. Mjukuu wako naye atahitaji kikombe.”

Nikasaini kwa fahari. Nilipoweka kalamu chini, nikajikuta napapasa kiganja changu, mfupa kwa mfupa.